Bwawa la spirulina likigeuka njano, weka chini mfuko wa yurea kwanza

#1 Tangi Kijani

Wakuu heshima mbele.

Kila baada ya wiki mbili anaingia mtu hapa na swali lile lile kuhusu spirulina, vile visokoto vidogo vya kijani tunavyokuza kwenye maji na kukausha kuwa chakula: "Niweke mbolea gani spirulina yangu ikue haraka?" Wanamjibu watu watano, mbolea tano. Nami niliwahi kuuliza hivyo hivyo, na Julai ya mwaka juzi jibu moja nililolifuata liliniulia bwawa zima. Leo mvua inanyesha, sina pa kwenda, ngoja niandike.

Niko Usa River, chini ya Mlima Meru. Bwawa langu ni mita 10 kwa 4, kuta za tofali za kuchoma, ndani laina, juu nailoni ya kitalu nyumba. Maji sentimita 15, yaani lita 6,000. Chakula chake kwa kila lita: bikabonati ya sodiamu gramu 8, chumvi gramu 5, potasiamu naitreti gramu 2, chumvi ya Epsom gramu 0.2, mbolea ya fosfeti iitwayo MAP gramu 0.1, na chembe ya salfeti ya chuma niliyoilowesha kwenye maji ya ndimu. Ndimu si mapambo. Kwenye maji makali hivi chuma kinaganda na kuzama kama kutu, ndimu inakishikilia kibaki kwenye maji. Kwa bwawa zima hiyo ni kilo 48 za bikabonati, 30 za chumvi na 12 za naitreti. Mwenye mchanganyiko huu hana sababu ya kuhangaika na mbolea kwa muda mrefu, lakini mimi sikujua.

Asubuhi moja ya Julai nikakuta povu kwenye kona, zito, kama la sabuni ya unga. Maji yaliyokuwa kijani cha kisamvu kilichoiva yamekuwa kama supu ya mchicha wa juzi. Njano njano. Nikasoma mahali kwamba njano ni njaa ya naitrojeni. Nikamwaga kilo 1 ya yurea. Siku ya pili banda likawa na harufu ya choo cha stendi. Siku ya tatu visokoto vyote vilikuwa chini, kahawia, na inzi juu.

Nilikuja kuelewa baadaye, kwa termometa niliyoazima kwa jirani anayeangulia vifaranga. Saa moja asubuhi maji yalikuwa nyuzi 14. Saa mbili na nusu anga jeupe, jua la Julai linapiga moja kwa moja, na maji bado nyuzi 16. Spirulina inapenda nyuzi 35 mpaka 37. Chini ya 20 inajikokota tu. Jua ni chakula, ila kukitafuna kunahitaji joto: sahani imejaa, meno yameganda. Mwanga usiotumika hauondoki kwa amani, unachoma ile rangi ya kijani yenyewe. Ndiyo njano niliyoiona. Naitrojeni ilikuwepo tele.

Nilipoanza upya sikuongeza hata gramu ya kitu. Nilinunua neti ya kivuli. Asubuhi inabaki juu ya bwawa mpaka maji yafike nyuzi 20, ndipo naikunja. Usiku natandika nailoni ya pili. Basi. Kabla ya hapo nilikuwa napata gramu 80 kavu kwa siku, na hiyo ni siku nzuri. Kuanzia Oktoba ile nilifika gramu 240, sawa na gramu 6 kwa kila mita ya mraba. Julai bado inanishusha mpaka 100, sidanganyi.

Kifaa cha pili ni fimbo, na hiki ni bure. Pigilia kifuniko cheupe cha kopo la mtindi kwenye ncha, chora sentimita kwa wino usiofutika. Zamisha taratibu mpaka kifuniko kipotee machoni. Kikipotea kwenye 2 au 3, vuna. Kikionekana mpaka 6 au 7, maji ni mepesi, vile visokoto vichache vinabeba jua lote peke yao: viwekee kivuli. Kikipotea kabla ya 1.5 umechelewa, vya juu vinaungua na vya chini viko gizani.

Kwa hiyo mtu akiniuliza mbolea, namuuliza kwanza joto la saa moja asubuhi na la saa nane mchana, pH (kipimo cha uchachu au umagadi wa maji), sentimita za fimbo, na jana alikoroga mara ngapi. Asipokuwa na majibu hayo mimi sina ushauri.

#2 Mpwani wa Paje

Nimekaa mbele kabisa 😄 Lakini mkuu, kwetu mwani ni ule wanaofunga kina mama kwenye kamba baharini, maji yakitoka unawaona wameinama. Huu wa kwako si ndio ule uvundo wa mtungi tuliokuwa tukichapwa tusipousugua?

#3 Hadubini

Mpwani, umecheka lakini uko karibu na ukweli. Hata huo mwani wake si mwani. Spirulina ni sainobakteria, bakteria wenye kijani, ndiyo maana ukuta wake ni laini na tumbo linaumeng'enya bila shida. Klorela ndiyo mwani hasa, na ukuta wake mgumu.

Kuhusu yurea ya mleta uzi. Kilo 1 kwenye lita 6,000 ni kama gramu 0.17 kwa lita, karibu mara kumi ya dozi ya siku moja. Yurea ikivunjika inatoa amonia. Kwenye pH 9.25 nusu yake inakuwa amonia huru, ile yenye harufu na sumu. Kwenye pH 10 inafika asilimia 85. Bwawa la spirulina kwa kawaida linakaa kati ya 9.5 na 10.5. Kijiko kimoja kinacholiwa siku hiyo hiyo ni chakula cha bei nafuu, wapo wanaolisha hivyo mwaka mzima. Ila bwawa lililopigwa na baridi halili, kwa hiyo ulichomwaga kilibaki kuwa sumu.

#4 Longido Moja

Wakuu, mimi natoka upande wa Natron. Magadi yako chini, unachota. Na heroe wanakula hiyo hiyo spirulina ziwani mpaka wanakuwa waridi. Kwa nini ninunue kilo 48 za bikabonati ya dukani?

#5 Tangi Kijani

Swali zuri mkuu, nililiwaza pia. Mambo mawili yalinirudisha nyuma. Kwanza magadi ya ziwani ni nusu bikabonati na nusu kaboneti. Unaanza tayari na pH ya juu, na kadiri spirulina inavyokula kaboni pH inapanda zaidi, ukifika 11 imesimama. Inawezekana ukayachanganya kidogo na bikabonati, lakini ya pili ndiyo kubwa: floridi. Wewe unayajua meno ya watu wa kwetu huku Meru, hiyo kahawia si ya sigara. Magadi yanabeba floridi, na mimi nauza kitu cha kula mtoto. Hata maji ya kisima nimeacha, natumia ya mvua kutoka bati. Faida nyingine ya mvua: maji yenye chokaa ukiyapandisha pH yanatoa tope jeupe, linazama na fosfeti yako.

Heroe yeye hana meno ya kuharibika.

#6 Hadubini

Naongezea kwa Longido: mbegu pia usichote ziwani. Kwenye Bogoria na Nakuru watafiti walikuta sumu za sainobakteria wengine wanaoishi pamoja na spirulina, na zikahusishwa na vifo vya heroe. Kwa macho hutofautishi kijani na kijani. Mbegu ichukuliwe kwa mtu mwenye hadubini: visokoto vyote viwe kama springi ya kalamu, pasiwe na kijiti kilichonyooka wala kidude cha mviringo.

#7 KisumuNdogo

Hapo kwa maji ya ziwa nimeguswa. Mimi niko Kisumu na nilikuwa nataka kuvuta maji moja kwa moja kutoka ghuba, si ni ya bure? Na pili, nimenunua pampu ya kuzungusha maji, ile ya kuzamisha. Wiki mbili sasa, maji ni kijani kizuri lakini nikichuja kwa kitambaa kila kitu kinapita. Nabaki na maji ya kijani chini na kitambaa kitupu.

#8 Tangi Kijani

Ndugu, Ghuba ya Winam kila mwaka inajaa ule utandu wa kijani kama rangi ya mafuta iliyomwagika. Huo ni Microcystis, sainobakteria mwingine, na una sumu ya ini. Vuna mvua.

Pampu ndiyo mwizi wako. Yale mapanga yake yanakata visokoto vipande vipande. Kizima kinafika mpaka nusu milimita, ndiyo maana kitambaa cha mikroni 30 hadi 50 (mikroni elfu moja ni milimita moja) kinakishika. Kipande hakishikiki. Toa pampu, tumia ufagio mpya wa chelewa, sukuma maji taratibu toka mwisho huu mpaka ule. Mimi nakoroga kila saa mbili kuanzia asubuhi mpaka jioni, mtoto akitoka shule anapokea. Ukipata fundi wa kukutengenezea gurudumu la makasia la polepole, bora zaidi. Kukoroga si kwa ajili ya hewa, ni kubadilishana zamu ya jua. Acha bwawa bila kukoroga nusu siku uone: juu linatanda blanketi na chini panabaki maji matupu.

#9 KisumuNdogo

Wacha! Na muuzaji aliniambia pampu ndiyo siri ya wazungu. Asante ndugu, jioni naitoa.

#10 Fundi Samaki

Habari za jukwaa. Mimi naangua sato hapa Mwanza. Nataka mwani wa kulishia vifaranga wiki ya kwanza. Nijenge hili bwawa lenu?

#11 Hadubini

Hapana mkuu, hilo si lako. Vifaranga vya sato wa Victoria ukiviweka kwenye maji ya pH 10 hutazika hata mmoja mmoja. (Wapo sato wadogo wa Natron na Magadi wanaoishi kwenye magadi hayo, tena karibu na chemchemi za moto, lakini wale ni ukoo mwingine.) Wewe unahitaji maji ya kijani ya kawaida, yenye klorela na wenzake. Tangi jeupe, maji masafi, mbolea kidogo, nyuzi 25 hadi 30, na hewa kutoka pampu ya tangi la samaki. Kwa klorela hewa haikati kitu, ni duara la mikroni chache. Na kwa sababu hiyo huwezi kuichuja kwa kitambaa, unawamwagia samaki na maji yake. Shida yako kubwa itakuwa rotifa, vidudu vidogo vya majini wanaokula mwani: maji yamelala kijani, yameamka meupe, wameyala yote usiku mmoja. Weka matangi matatu madogo, anza kila moja siku tofauti, na usitumie ndoo moja kwa yote.

Spirulina kavu unaweza kuwachanganyia kwenye chakula baadaye, kama mfuko unaruhusu.

#12 Hesabu Kwanza

Mimi nasoma tu. Gramu 240 kwa siku mara siku 25 ni kilo 6 kwa mwezi. Hapo mtu amekoroga kila saa mbili kama mjamzito anayekunywa dawa kwa saa. Si bora kuku? Nyuzi za aina hii huwa zinaishia kwa "nina mbegu nauza".

#13 Tangi Kijani

Mbegu siuzi mkuu, na kazi sijaacha. Hesabu yako iko sawa, kilo 6, na Julai kilo mbili na nusu. Anayekuja hapa akidhani atajenga ghorofa kwa bwawa moja nitamwambia afuge kuku. Mimi wateja wangu ni watu wachache wa lishe na mtu mmoja wa mkate. Na sisemi inatibu chochote. Ni chakula chenye protini asilimia 60 hivi, chuma kipo, lakini ile vitamini B12 wanayoitangaza nyingi ni ya bandia, mwili wa binadamu hauitumii. Ukimwambia mteja hivyo unapoteza mauzo mawili na kupata mteja mmoja wa kudumu.

#14 Mbagala Kuu

Kwangu kukuza hakuna tabu, joto la Dar lenyewe linatosha. Shida ni kukausha. Nikitandaza, ikifika jioni inanuka kama dagaa walionyeshewa. Nimetupa mavuno manne.

#15 Tangi Kijani

Unavuna saa ngapi? Ukivuna mchana, Dar umeshachelewa. Ingia saa kumi na mbili asubuhi. Maji ni ya baridi, protini iko juu, na una jua la siku nzima mbele yako. Chuja kwanza kwa wavu mpana kutoa wadudu, kisha kitambaa, halafu kamua kwa kuweka jiwe juu mpaka ukikata kwa kisu inasimama kama kipande cha halua.

Usitandaze kama chapati. Chukua ile mashine ya mkono ya tambi, ile ya kina mama wanaotengeneza chakri, weka sahani ya tundu la milimita 2, kamulia juu ya wavu. Tambi zinapitisha hewa pande zote. Boksi la kukaushia liwe na tundu chini na bomba juu hewa itembee, joto lisizidi nyuzi 60. Ikikauka sawasawa inavunjika kwa mlio kama kaukau. Ikijipinda, bado. Siku ya mawingu usivune kabisa, iache bwawani, haiozi humo.

#16 Mama Neema Dom

Kaka Tangi, shikamoo kama umenizidi. Nimesoma uzi wote mara mbili maana njano unayoisema ndiyo ninayo hapa. Niko Dodoma, bwawa mita 6 kwa 2, ndani ya kitalu nyumba. Mwezi wa mwanzo lilikuwa zuri, sasa limefifia wiki nzima. Huku sasa hivi hakuna baridi kama ya Julai yako, kwa hiyo hiyo yako siyo. Yurea ninayo, imebaki ya mahindi. Niweke kijiko tu?

#17 Tangi Kijani

Marahaba dada, ila sidhani kama nimekuzidi 😄 Usiweke kwanza. Nipe namba kesho: joto saa moja asubuhi, joto saa nane, pH, fimbo, kina cha maji. Na useme bikabonati ulinunua wapi.

#18 Mama Neema Dom

Namba hizi. Saa moja nyuzi 21. Saa nane nyuzi 41, nilipima mara mbili nikidhani termometa imeharibika. pH 11.2. Kifuniko kinaonekana mpaka sentimita 8, kisha nikagundua hapo ni chini ya bwawa, kina chenyewe ni 8. Nilipunguza maji kwa sababu ya gharama. Neti sina. Magadi soda nilinunua duka la vifaa vya sabuni, yalikuwa nusu bei ya yale ya maandazi. Nimeangalia mfuko, umeandikwa "soda ash".

#19 Hadubini

Dada, hilo si bikabonati. Dukani yote yanaitwa magadi soda, lakini la sabuni ni kaboneti tupu. Spirulina inakula kaboni ya kwenye bikabonati, wewe umeipa sufuria isiyo na wali. Ndiyo maana pH iko 11.2. Na muuzaji hakukosea, ulimwomba magadi soda akakupa.

#20 Tangi Kijani

Nakubaliana na Hadubini, na kuna la pili. Sentimita 8 kwenye kitalu nyumba Dodoma ni sufuria jikoni. Nyuzi 41 ni ukingoni kabisa, ikikaa hapo masaa inakufa. Njano yako ni jua na njaa ya kaboni kwa pamoja, naitrojeni haimo.

Fanya hivi. Leo jioni chota nusu ya maji utoe, lakini yapitishe kwenye kitambaa, visokoto virudishe bwawani. Yatengeneze mapya kwa bikabonati ya maandazi, gramu 8 kwa lita, ukiongeza na chumvi na vingine kama nilivyoandika juu, mpaka kina kifike 15. Bikabonati mpya yenyewe itavuta pH chini. Funika neti ya kivuli, na kama huna leo, mikeka. Fungua pande za kitalu kuanzia saa nne hewa ipite. Maji yakikauka kwa jua ongeza maji matupu tu, chumvi haikauki na maji, ukiongeza mchanganyiko kila siku mwishowe unatengeneza Natron yako.

Na ukoroge.

#21 Mama Neema Dom

Nimerudi, ni siku ya tano. Saa nane nyuzi 36. pH 10.3. Fimbo 7, safari hii ni kifuniko kweli kimepotea, si chini ya bwawa. Bado ina unjano kidogo katikati ila kijani kimeanza kurudi, na kimeanzia kona ile ambayo mkeka ulikuwa umekunjwa mara mbili. Nimesogeza na mingine.

Yurea nimeirudisha kwenye mahindi. Swali moja kaka: fimbo ikifika 3 nivune nusu bwawa au robo?

#22 Tangi Kijani

Robo, dada. Kisha pima tena. Ikivuka 4 umechukua nyingi, iache siku mbili chini ya neti.